Nililichambua Shairi la Tajiri wa Makarasha

Tajiri alikuja kuchukua malisho yetu kwa shairi.

Si kwa mgambo, si kwa greda. Shairi, limechapwa kwenye karatasi nzuri, tukagawiwa pamoja na soda.

Mimi ni bibi wa miaka sabini na mbili, na kijiji chetu hakiko mbali na Bugarama. Kusoma nilijifunza ukubwani, darasa la ngumbaro, mtoto mgongoni. Nasoma polepole, lakini siruki neno.

Kwetu tuna ngitili. Ni malisho ya kijiji tunayoyafunga mvua zikiisha. Haingii hata mbuzi mpaka kiangazi kikomae na nyasi za kwingine zote ziishe. Bila ngitili, ng'ombe wanakufa wamesimama.

Sasa huyo tajiri, Pantaleo, alisikia chini ya ngitili kuna dhahabu. Akataka tumpe achimbe maduara, yale mashimo ya wachimbaji, na kufunga makarasha ya kusagia mawe. Mkutano wa siku hiyo ulikuwa wa kupiga kura.

Watu wake walikuwa na adabu, lazima niseme. Binti aliyegawa soda aliona vidole vyangu vimepinda, akanifungulia mwenyewe na chupa akaifuta.

Mshereheshaji wao, Donatus, akasoma shairi kwa sauti ya redio. Beti tatu. Mbili za kwanza zilikuwa undugu mtupu: mtu na mnyama ndugu, mtu na mti ndugu, tajiri na kijiji ndugu. Makofi.

Ubeti wa tatu ulikuwa huu:

Mwezi wa tisa kufika, maji hakuna mtoni,
Wacheua waridhika, majani tele tumboni,
Upepo ukinishika, najikinga ubavuni,
Wanilamba nikacheka, chumvi yangu ya shingoni.

Donatus akatufafanulia. Ng'ombe ni fumbo la utajiri, upepo ni umaskini, chumvi ni jasho la mchimbaji. Kwa hiyo anayependa mazingira ampe Pantaleo eneo, naye atapanda miti.

Nikawatazama jirani zangu. Walishalainika. Mikono inangoja tu kuambiwa inyooke.

Nikaazima miwani ya Mama Ritha, nikasimama.

Mmoja huko nyuma akasema bibi kalewa soda. Wakacheka. Mwenyekiti wetu, mzee Jilala, akawanyamazisha.

"Mayu, sema," akaniambia. Mayu kwetu ni mama.

"Donatus, mwanangu, umewahi kulambwa na ng'ombe?"

Akasema hajawahi.

"Basi hiyo chumvi si fumbo. Ukichunga kutwa nzima, jasho linakukaukia shingoni, ng'ombe anakuja kulilamba. Ulimi wake kama msasa. Utacheka utake usitake. Aliyeandika hapa amechunga. Tena kachunga kiangazi, maana upepo wa kujikinga ubavuni mwa ng'ombe ni ule wa vumbi."

Vicheko vikapungua. Mzee mmoja akajipapasa shingo.

Pantaleo akasema kwa upole kwamba mashairi yana wasomi wake, bibi akae apumzike.

"Sikai, baba. Nimebakiza mstari." Nikaufuata kwa kidole. "Mwezi wa tisa, mto mkavu, ng'ombe anacheua kashiba. Ninyi wenye mifugo, mwezi wa tisa nyasi za kushibisha ng'ombe ziko wapi hapa kwetu?"

Nikavua miwani, nikawageukia.

"Nauliza. Ziko wapi?"

"Ngitilini," akajibu Jilala mwenyewe.

"Basi shairi lenu limeshapiga kura. Huyo ng'ombe kalala palepale mnapotaka kuchimba."

Mikono ya kumpa Pantaleo eneo ilikuwa kumi na moja. Ya kukataa, Jilala alihesabu akachoka, akasema imetosha.

Nikaondoka kichwa kimevimba, sitadanganya.

Njiani gari lao likanipita, likasimama mbele yangu. Mlango ukafunguliwa, akashushwa mtu, begi likarushwa nyuma yake, gari likaondoka.

Nikasogea. Alikuwa Edson.

Edson ni mtoto wa marehemu binti yangu. Nimemlea mimi, na ng'ombe wangu kawachunga miaka tisa mle mle ngitilini. Nilijua yuko Nyarugusu kwenye maduara. Sikujua kwamba Pantaleo kamwajiri kumwandikia maneno, wala kwamba mkutano mzima alikaa ndani ya gari, anaona haya kushuka nimwone.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Umenifukuzisha kazi."

Nikamuuliza kama ule ubeti aliuweka makusudi, atuokoe.

"Hapana, bibi. Nilitaka lipendeze tu, nilipwe. Zile mbili nilizihangaikia wiki nzima. Huo wa tatu ulikuja wenyewe."

Sikumwomba radhi. Hata ningejua ni yeye, ningesimama vilevile, na nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba ule wa tatu ni shairi, zile mbili ni takataka.

Akaokota begi lake. Kisha akauliza kama nimekula. Ana njaa yeye, ananiuliza mimi.

Tukaenda nyumbani.

Wanangu mnaosoma haya, msikubali kuambiwa maneno yana wenyewe. Someni, kwa kidole ikibidi, mpaka mstari wa mwisho. Mtu anaweza kukodisha kalamu yake, lakini alichokiishi kitachungulia tu.

Nasikia Pantaleo anasema atarudi mwakani na karatasi nyingine.

Aje. Tutaisoma.