Mzazi Asiyekunywa Maziwa

Mimi sili nyama, samaki, mayai wala maziwa. Naliweka hili mbele mapema, maana watu wakishalijua hawachelewi na swali lao: "Kwani wewe Msabato?" Wala. Mimi Mlutheri wa kubatizwa utotoni, na kwenye shughuli za usharika napika pilau ya nyama kama wenzangu, ila siionji. Chumvi naikadiria kwa macho, na hakuna aliyewahi kulalamika.

Sababu ni vifaranga. Nilipomaliza shule nilipata kazi Misugusugu, mahali wanapototolesha vifaranga wa kuku wa mayai. Kazi yangu ilikuwa kutenga majike na madume. Majike wanauzwa. Madume hawatagi, na wa aina ile hawanenepi, kwa hiyo tulikuwa tunawamimina kwenye pipa wakiwa wazima, wanalia, tunafunika mfuniko, tunaendelea kupiga soga. Nilivumilia nikashindwa. Nikaacha kazi, nikaacha kuku, kisha nyama zote, mwishowe na maziwa. Sijawahi kumwambia mtu mwingine aache. Lakini jamani, ukikataa chakula cha watu wanaona umewatukana.

Halafu nikaenda kuolewa na nani? Na mtoto wa wafugaji! Wakwe zangu walishuka kutoka kaskazini na ng'ombe wao, wakajenga Mzenga, huko Kisarawe. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea, mimi nashona, na tumepanga Visiga. Yeye alinichukua nilivyo. Nilipopata mimba, nesi wa kliniki akanipima akasema damu iko chini, nile maini. Nilipomweleza kwamba sili nyama aliguna, akanipa vidonge vya kuongeza damu, akaniambia kuna na vitamini nyingine ambayo mboga hazina, nikainunue duka la dawa na nisifanye mchezo. Sikufanya mchezo. Nilimeza vyote, nikala kunde, choroko, karanga na matembele mpaka mume wangu akaanza kuniita mbuzi wake. Damu ikapanda. Nikajifungua salama mtoto wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Kwa desturi yao, uzazi wa kwanza unalelewa kwa mama mkwe. Mume wangu akanifikisha Mzenga, akakaa kidogo, akarudi kazini. Mama mkwe wangu ni mtu mwema, nalisema sasa hivi ili asije akaeleweka vingine. Alinipokea kwa vigelegele, akanikanda kwa maji ya moto mpaka nikapiga kelele, akanifunga tumbo kwa khanga. Kisha akaniletea mtori wa nyama, na kikombe cha maziwa yenye samli inayoelea juu.

"Mama, asante," nikamwambia. "Lakini unajua hivi sili."

"Mimba ilikuwa yako, ulikula ulivyotaka. Sasa wewe ni mzazi, unamnyonyesha mjukuu wangu."

Nilijikaza kisabuni, nikakataa. Akanipikia uji wa pilipili manga na maharage ya nazi, midomo ameibana. Wakaja akina mama wa usharika kumwona mtoto, na mmoja akanikagua juu hadi chini akacheka: "Huyu mzazi mbona hivi? Mnampa chakula au mnamwonyesha tu?" Wote walicheka isipokuwa mama mkwe. Kwao mzazi akitoka uzazini bila mashavu, anayeaibika ni aliyempikia.

Ningeyamudu yote hayo kama mtoto angenenepa. Hakunenepa. Alishinda kifuani, ananyonya mpaka analala, akiamka analia upya, na mikono yake ikazidi kuwa myembamba. Chuchu zangu zilichanika, kila akinyonya nauma meno. Zahanati walimpima wakamkuta bado yuko chini ya uzito aliozaliwa nao. Nesi akasema nimnyonyeshe kila anapotaka, nisimpe kitu kingine, nirudi wiki inayofuata. Asipoongezeka watatupa rufaa. Niliogopa, siwezi kusema vingine. Niliogopa mchana, nikaogopa usiku, na kibaya zaidi nikaanza kujiuliza: je, kama wanasema kweli? Je, kama ni mimi namuua kwa maharage yangu?

Mama mkwe hakujiuliza. Alijua. "Mtoto ana njaa. Kuna ng'ombe wanne wanakamuliwa hapo nje, na mtoto ana njaa. Tumchanganyie na maji, tumpe."

"Mama, mtoto mchanga hapewi maziwa ya ng'ombe. Nesi amekataza."

"Nesi huyo amezaa?"

Nikampigia mume wangu. Akasema mama amelea watoto, nimsikilize kidogo. Nikamuuliza kidogo ndiyo kiasi gani, kijiko au kikombe? Nikamkatia simu kabla hajajibu. Tangu hapo sikumwacha mtoto peke yake. Hata chooni nilikwenda naye.

Lakini mwili una mwisho wake. Mchana mmoja usingizi ulinipiga nikiwa nimekaa, na nilipozinduka mkono wangu uligusa shuka tupu. Nilitoka mbio bila viatu. Mama mkwe alikuwa jikoni, amekaa kwenye kigoda, mtoto mapajani, kikombe pembeni, kijiko mkononi. Midomo ya mtoto ilikuwa na weupe.

Nilimnyang'anya mtoto. "Unataka kuniulia mtoto!" nilifoka, na sauti yangu ikafika zizini. Katika nyumba ile hakuna anayemfokea yule mama, hata mumewe akisema naye hushusha sauti. Nilingoja anitukane. Sijui kama ningemlaumu.

Hakunitukana. Aliangalia kijiko chake. "Wa kwanza sikumpa," akasema. "Kabla ya mumeo nilikuwa na mtoto. Alikuwa hivi hivi, anashinda kifuani na anakonda. Wakubwa wakasema nivumilie, ziwa litamtosha. Nikavumilia. Nikamzika."

Mume wangu hajawahi kuniambia habari hiyo. Nadhani hata yeye haijui. Nilisimama pale na mtoto begani, hasira bado inanichemka, na sasa nimwambie nini mtu kama huyo? Kwamba nesi amekataza? Nilijua nikilala tena atampa tena, na kwa anayoyajua yeye, atakuwa amefanya haki.

"Nipe mimi," nikasema. "Nitakunywa mimi, asubuhi na jioni, na mtori wako nitakula. Lakini yeye asiguswe na kijiko mpaka siku ya kliniki. Niapie."

Alinitazama sana. Akaapa kwa Mungu, akaninyooshea kikombe. Maziwa yalikuwa ya uvuguvugu, yananukia moshi wa kibuyu. Nilikunywa nalia, tena machozi ya hasira, na yeye akaniangalia mpaka nikamaliza. Nilitimiza ahadi yangu kila siku, na yeye akatimiza yake. Nilikuwa nakunywa namwomba Mungu anionyeshe kwenye mzani kwamba sikunywa bure.

Siku ya kliniki tulikwenda wote wawili. Nesi akamning'iniza mtoto kwenye mzani, akasubiri mshale utulie. "Hajaongezeka."

Nikampokea mtoto. Mama mkwe akawahi kusema kabla hajaulizwa: "Anakula vizuri! Nampikia mwenyewe. Na maziwa anakunywa."

"Simlaumu mtu kwa chakula," nesi akajibu. "Hebu kaa umnyonyeshe nione."

Nilikaa kwenye benchi nikampa ziwa. Nesi akainama, akaangalia kidogo tu, akalitoa ziwa mdomoni mwa mtoto, akalibana, maziwa yakaruka mpaka kwenye gauni lake. "Unayo tele. Mtoto ndiye hajashika. Anavuta chuchu tu, hapati kitu, ndiyo maana umechanika." Akanielekeza nisubiri mtoto apanue mdomo wote, kisha nimsogeze aingie mpaka kwenye weusi wa ziwa. Mara ya tatu akashika. Halafu nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia tangu nimzae. Mtoto alikuwa anameza.

Mama mkwe aliinama akasikiliza, uso karibu na kifua changu. Kisha akamuuliza nesi, polepole: "Mtoto akiwa hajashika hivyo, mama yake anajuaje?"

"Wengi hawajui, mama. Anamwona yuko kifuani muda wote. Maziwa yanajaa mpaka yanavuja, na mtoto anakonda."

Nilimwona anatafuta benchi kwa mkono. Nikasogea, akakaa pembeni yangu.

"Yalikuwa yanavuja," akasema. Hakuwa anamwambia nesi, wala mimi. "Yanalowesha khanga yote. Nilikuwa natoka nje nayakamua, nayamwaga chini, na yeye analia ndani."