Mkata Nyasi na Watoto wa Sungura

Jirani yangu, mwanamke mkata nyasi, ana mikono iliyochanwachanwa, lakini haiwezi kupita kitu kidogo bila kukigusa. Kila msimu wa kutandaza nyasi kwenye migomba, akienda kukata kule rweya, mbuga yetu ya wazi hapa Izigo, hakosi kumwona mtoto wa sungura pori amejibanza kimya, na hakosi kumwokota. Humfunga kwenye ncha ya kitenge, humlisha maziwa ya ng'ombe kwa kidole, na akifa humlilia kweli. Nimechoka kumwambia kwamba mama wa sungura hukaa mbali mchana ili asiwaonyeshe mbwa njia, na jioni hurudi kunyonyesha.

"Katupwa haka, Mama Joyness," hunijibu, kwa sauti ya huruma inayoniudhi kuliko matusi.

Juzi, alipokwisha kumfunga mwingine kwenye kitenge, nilimlazimisha tungoje nyuma ya kichuguu. Jua lilipozama, sungura mkubwa akaja, akanusa pale patupu, akazunguka, akanusa tena.

"Mrudishe," nikamnong'oneza.

Akakaza fundo la kitenge. "Mama gani huyo anayekuja saa hizi?"

Nyumbani kwa jirani yangu, mwanawe anayenyonya alikuwa amebaki na bibi yake tangu asubuhi, akimngoja.