Nilienda Kuombea Hadithi Ruhusa kwa Leta

Haya hii inanilemea, acha niseme. Mimi niliyejenga maduka matatu hapa Mususa bila diplôme, nilijitolea kurekodia vipofu wa paroisse, kanisa yetu, hadithi za gazeti ya zamani sana ya Waingereza, yenye ilitafsiriwa Kifaransa. Juu yake waliandika «domaine public». Mimi najua domaine ni kiwanja, na public ni ya Leta, serikali.

Nikamuambia Mama Masika, kipofu mwenye alikuwa anazingojea kuliko wote: «Hii ni mali ya Leta. Nitakutafutia ruhusa mimi mwenyewe.» Nikamushika mukono mpaka bureau ya Leta yenye inagawa viwanja, nikamuonyesha chef wa pale ile karatasi ya gazeti.

«Papa, parcelle, hicho kiwanja chako, iko wapi?» chef akauliza.

«Iko Londres, kwa Waingereza.»

Akasoma karatasi, akacheka. «Maana yake muandishi alikufa zamani. Kila mutu anaweza kuisoma bila kuomba.»

Mama Masika akaniachia mukono. «Batu ba hapa,» akauliza, «hakuna mwenye alisoma masomo, anirekodie?»