Moto wa Mkono Mtupu

Juzi nilikuwa duka la viungo Kariakoo, nasubiri kupimiwa karafuu. Kando yangu alisimama baba mmoja aliyeacha sigara, maana, alivyonieleza, mwanawe mchanga ana kifua kibovu, na mkewe kaapa hamkabidhi tena mtoto akinuka moshi. Alikuwa anatafuna tangawizi kama mbuzi. Lakini vidole vyake viwili vilikaa wazi vilevile, kama vimebana sigara, vikipanda mdomoni na kushuka, bila kitu.

Akapita msukuma mkokoteni, sigara mdomoni haijawashwa.

"Braza, nipe moto."

Yule baba, kwa mazoea, akanyoosha vile vidole vitupu. Msukuma mkokoteni akainama, akagusisha sigara yake hapo, akavuta. Ikawaka. Akasema, "Poa," akaenda zake na moshi wake. Kiberiti sikukiona. Mwenye duka akabaki kashika mizani hewani.

Baba akanigeukia, jasho linamtoka. "Bibi, hii nayo nimevuta?"

"Lete mkono." Nikanusa. Tumbaku tupu. Na vile vidole vilikuwa vya moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

"Umempa mtu moto, hujavuta," nikamwambia. "Kaoshe mikono ukambebe mwanao."

Mwenye duka akamsogezea sabuni kwa ncha ya kijiko.

Watu hudhani sigara ikishatoka mdomoni, imetoka mwilini. Mimi siku hizi mtu akiniambia ameacha, nampa pongezi za mdomo. Mkono simpi.