Sufuria ya Pili

Harufu ya mtindi uliolala kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi haijanitoka puani hadi leo. Mama alikuwa akiumimina juu ya mahindi na ndizi zilizochemka hadi zikalainika, akikoroga kwa mwiko mrefu huku mvuke wenye uchachu ukimfunika uso. Hiyo ndiyo loshoro, chakula chetu sisi wa chini ya Mlima Meru, na mama aliiuza kando ya njia iendayo soko la Kwa Mrombo. Baba alikuwa ameshafariki, kwa hiyo sufuria ile ndiyo iliyotulisha, ikatuvisha na kunipeleka shule. Mama alikuwa pia na kibali cha kuuza chakula. Alikihangaikia mno, leo njoo kesho, kesho bwana mkubwa hayupo, na alipokipata alikitundika kwenye nguzo ya kibanda kama picha ya harusi. Wateja hawakukitazama hata siku moja. Walitazama sufuria.

Msimu ninaousema ulikuwa wa baridi, ule ambao mlima hujificha siku nzima na manyunyu hayaamui kama ni mvua au ukungu. Asubuhi moja mwanamke mmoja aliteremka kutoka mashambani juu mlimani, sufuria kichwani na mtoto mgongoni. Alimsalimia mama vizuri. "Dada, naitwa Mama Eliudi. Naomba nikae hapa jirani yako, na mimi nijaribu." Mama akamjibu, "Barabara si ya mtu," kisha akageuka, akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa imekwisha kufutwa. Kilichokuwa ndani ya sufuria ya mgeni kilikuwa loshoro ileile.

Tangu siku hiyo mama hakukaa. Alisimama, akachungulia, akarudi, akachungulia tena. Mteja akipita bila kugeuka, mama alimsindikiza kwa macho hadi aone ameketi benchi gani. Alianza kupika mapema zaidi, akaongeza mtindi, akanunua vikombe vipya, akanifundisha kumnawisha mteja mikono kabla hajaomba. Nami nilichoka, nasema kweli, maana kila alichokifanya Mama Eliudi sisi tulipaswa kukifanya mara mbili. Lakini watu walizidi kuja. Mafundi, wapakia mizigo, kina mama wa sokoni, wote walijua kwamba pale pana chakula cha moto, na asiyepata kwa huyu atapata kwa yule. Mabenchi yetu hayakuwahi kujaa namna ile. Mama hakuliona hilo. Yeye aliona mabenchi ya jirani tu.

Mwishowe akavaa gauni la kanisani akaenda kwa bwana mmoja mwenye sauti mtaani, ambaye jina lake sitalitaja. Nilikuwa naye. Yule mama aliyekuwa akiwalaani wakubwa kwa kumzungusha, siku hiyo aliketi mbele yao kwa adabu zote. "Mimi nimehangaika na kibali," alisema. "Yeye amekuja na sufuria tu. Hiyo ni haki?" Swali lilikuwa na uzito, hata mimi mtoto nililiona. Ila hakuomba jirani yake arahisishiwe kibali. Aliomba aondolewe. Siku chache baadaye vijana wawili wenye virungu walikuja wakaumwagia maji moto wa Mama Eliudi, wakapakia mabenchi yake kwenye mkokoteni. Yeye alimfunga mtoto mgongoni, akatutazama mara moja, akaondoka. Niliona aibu hadi masikio yakawaka.

Furaha ya mama haikudumu. Kwanza alianza kuchelewa kuwasha jiko, kwani nani angemwahi? Kisha mtindi ukawa mwepesi. Loshoro ikiisha saa sita, imeisha, njoo kesho. Aliwajibu watu kwa maneno yaleyale aliyojibiwa alipokuwa akitafuta kibali, na sidhani kama alijisikia. Benchi likaanza kuwa wazi. Mzee Lota, fundi baiskeli na mteja wetu wa tangu zamani, alipita akielekea kwingine, mama akamwita kumuuliza kulikoni. "Mama Neema, usinielewe vibaya," alisema. "Zamani nilikuwa nakuja hapa nina uhakika wa kula. Siku hizi nikifika umemaliza, narudi na njaa yangu. Bora niende moja kwa moja wanakopika wengi."

Hapo ndipo mama alipofunga safari hadi Kisongo, ambako tulisikia Mama Eliudi amepata pa kupikia. Tulimkuta kati ya wapishi wengine wanne, moshi umetanda, watu wamejaa. Mama akaomba msamaha, akamsihi arudi. Mama Eliudi alitupa loshoro kwanza, tukala. "Dada, sina kinyongo," akasema. "Lakini nikirudi kule nitakaa kwa ruhusa yako. Hapa nakaa kwa ruhusa ya wateja." Mama akamshukuru kwa chakula, tukarudi. Kabla ya masika alifunga kibanda, akaajiriwa kumenya ndizi kwenye jiko la mtu mwingine, na mimi nikahamia kwa shangazi ili niendelee na shule. Jambo hilo liliniuma, na linaniuma.

Leo nina mgahawa mdogo hapa Engutoto, nina leseni, na ninalalamikia tozo kama kila mfanyabiashara. Mwezi uliopita kijana alifungua mgahawa mbele yangu, ng'ambo ya barabara, kwa meza za plastiki na muziki. Hana leseni, nimeulizia. Namba ya afisa wa leseni ninayo, nimeandika ujumbe nikaufuta sijui mara ngapi. Sikai. Nachungulia dirishani, napangusa kaunta safi. Juzi mama alikuja kunitembelea, akanitazama kidogo, halafu akavuka barabara. Nikamwona ameketi kwa yule kijana, anakula, anacheka naye. Aliporudi alisema, "Anaitwa Baraka. Mke wake amejifungua juzijuzi. Nimemwambia akiishiwa mkaa aje kwako."

Nilikasirika, na bado sijapoa. Jana Baraka alikuja kuomba mkaa. Nikampa.