Salamu Zilizokula Wimbo

Mwaka 1975, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki, na shule yangu ikaishia darasa la tatu. Hivyo ndivyo nilivyoanza kusema mwaka jana, nilipoalikwa kwenye redio ya vijana, hii ya umma, niwafundishe kujitegemea. Nilipewa dakika kumi. Baada yangu ndipo upigwe wimbo wa mjukuu wangu, aliourekodi hapa Tunduma, akasubiri miezi mitatu apangiwe siku.

Mambo yangu niliyasema vizuri. Kisha nikatoa salamu, maana mtu wa kwetu hashiki kipaza sauti akaondoka bila kusalimu ndugu. Nilianza na ndugu wa kijiji cha Hasamba, nikaja wa Ihanda, nikavuka mpaka kwa mashemeji wa Zambia. Mtangazaji alikuwa akinizungushia kidole. Nilidhani ananiambia endelea, kumbe anasema maliza. Ikaingia taarifa ya habari.

Niliporudi dukani kwangu nilimkuta mjukuu na wenzake wamehamisha redio kwenye stesheni ya Zambia.

"Babu, umeula wimbo wangu," alisema.

"Si wataupiga kesho?"

"Kesho ni zamu ya mzee mwingine."

Tangu siku hiyo nimeisikiliza redio ile, na ni kweli. Vijana wanataka muziki, wanapewa sisi. Wimbo wake haujapigwa mpaka leo.

Nina ekari nne za kahawa, nyumba ya matofali ya kuchoma, duka la misumari na mabati, na ng'ombe watano. Hayo yote niliyataja siku ile, hata majina ya ng'ombe.