Hodi Pasipo na Mlango

Mimi ni dereva. Kazi yangu ni kuendesha gari na kunyamaza, na moja kati ya hizo mbili naiweza vizuri. Huwa nabeba watu wawili: muuguzi na sanduku lake la dawa, na mwanamke ambaye wote wanaolala nje wanamwita Mama Hodi. Kila asubuhi, maduka yakiwa bado yamefungwa, tunapita kwenye vibaraza, chini ya madaraja na nyuma ya stendi, ili wenye maradhi watibiwe na wanaotaka kitanda wapelekwe kwenye kituo chetu cha malazi.

Zamani Mama Hodi alikuwa mfanya usafi hospitalini. Huko aliwaona watu wa barabarani wakiletwa wakati daktari hana tena la kufanya, akaona afadhali awafuate mapema. Jina walimpa wao. Akifika alipolala mtu, husimama ukingoni mwa boksi lililotandikwa na kusema, "Hodi hapa." Akikaribishwa, anachuchumaa, ingawa goti lake bovu humlalamikia. Akinyamaziwa mara tatu, anaondoka na kurudi kesho. Mwanzoni niliona ni maigizo, nikamuuliza hodi ya nini pasipo na mlango.

"Choo chetu cha kazini hakina komeo," alinijibu. "Mbona ukitaka kuingia unakohoa kwanza?"



Sasa, mwaka jana, nyuma ya ghala moja, tulimkuta kaka yake. Huyu ndiye aliyemlea wazazi wao walipofariki, fundi seremala mwenye nyumba na karakana. Enzi hizo Mama Hodi alikuwa anaingia kwa kaka yake moja kwa moja hadi jikoni, anafunua masufuria kabla hata ya salamu. Kisha karakana iliungua, mke akarudi kwao, pombe ikahamia. Nyumba nayo ikaenda, na fundi akatoweka. Ndugu zao, wakiulizwa harusini au msibani, walijibu kwamba yuko migodini.

Hakuwa migodini. Alikuwa amekaa juu ya boksi, na mguuni ana kidonda ambacho muuguzi alikinusa kabla hajakiona. Mama Hodi hakusema hodi. Alikanyaga boksi na viatu vyake, akamshika kaka yake mkono, akaanza kumkunjia blanketi.

"Kaka, inuka. Twende nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwangu."

"Na hapa ni kwa nani?"

Mama Hodi akaendelea kukunja. Kaka alichukua fimbo yake, akaondoka akichechemea, akamwachia blanketi mikononi. Anayeondoka hatumfuati, ndiyo kanuni yetu. Mama Hodi alitaka kumfuata, muuguzi akamshika kanga.

Garini muuguzi hakuzunguka mbuyu. Alisema mguu ule usipotibiwa upesi utakatwa, na ukicheleweshwa zaidi utamzika mwenyewe. Mimi nilimkasirikia yule kaka, sifichi. Mtu anaoza na bado ana kiburi. Nikalisema hilo kwa sauti.

"Si kiburi," alisema Mama Hodi. "Watu baki wote nawabishia hodi. Kwa ndugu yangu nimeingia na matope."

Tulimtafuta. Mama Hodi alisema mguu mbovu hauendi mbali: atakaa penye bomba la maji, pasipo na ngazi, karibu na maboksi makubwa. Tulizunguka maduka ya samani, tukazunguka ya magodoro. Kila siku isiyo na habari nilijikuta naendesha polepole kila penye uchochoro.

Tulimwona nyuma ya duka la majokofu. Nilijua ni yeye kabla sijaiona sura. Wengine huegemeza maboksi yao popote, lakini haya yalikuwa yamekatwa kwa mstari ulionyooka na pembe zake zimechomekwa moja ndani ya nyingine, bila kamba wala gundi. Mbele palikuwa pamefagiliwa. Mguu ulikuwa umevimba, na ameufunga kwa gunia.

Mama Hodi alisimama ukingoni, blanketi kwapani.

"Hodi hapa."

Kaka alitazama ukuta.

"Hodi."

Muuguzi alinitazama, nami nikatazama chini. Sisi wote tulijua hesabu yake, na tulijua kesho huenda isiwe na faida.

"Hodi," akasema mara ya tatu. Alisubiri. Kisha aliliweka blanketi chini, nje ya boksi, akageuka kuondoka.

"Tangu lini wewe unabisha hodi kwangu?"

Alisimama. "Tangu leo, kaka."

Kaka alifuta kwa kiganja vumbi ambalo halikuwepo.

"Karibu," akasema. "Vua viatu."

Mama Hodi alivua, akaingia kwa kuinama, akajishusha na goti lake. Kaka alitazama huku na huku kama mwenyeji anayetafuta cha kumpa mgeni, kisha akamsogezea kipande cha boksi. "Kalia hiki. Hapo pana unyevu."

"Hodi," akasema muuguzi, amekwishavua viatu, sanduku mkononi.

"Karibu, sista," akajibu kaka, akaunyoosha mguu.

Mimi nilibaki nje, maana sikuwa nimebisha hodi.